Jumapili Bandani kwa Masanja

Mama mkwe wangu wa kwanza alizikwa Jumanne, na Jumamosi ya wiki ile ile nikapelekwa kutazama muziki. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, wageni wa Mlimba na Sanje wamerudi makwao, na mimi nilikuwa nimebaki uani nachambua mchele ambao nilikwisha kuuchambua asubuhi. Vijana wa shemeji yangu wakanionea huruma. "Mama mkubwa, twende ukapunge upepo," wakasema, wakanikokota hadi kwenye ukumbi mmoja wa Ifakara mjini ambako siku hizi, mwisho wa wiki, wanatundika shuka jeupe ukutani na kuonyesha picha za bendi za zamani zikiwa jukwaani. Nilikuta watu wa rika langu wamejaa tele, wanaume wenye vitambi ndani ya suruali za miguu mipana walizozitoa sijui sanduku gani, wanawake wenzangu wenye miwani na magoti mabovu, wote wanawashangilia kwa majina wanamuziki ambao wengi wao wameshakufa zamani. Mpiga gitaa akiinama, nao wanainama. Mwimbaji akiuliza, wanamjibu. Nilikaa nyuma, mkoba mapajani, nikijiambia nimekuja kwa ajili ya vijana tu. Halafu waimbaji wakanyamaza, magitaa yakaanza kukimbizana, sebene likaingia, na mguu wangu wa kulia ukaanza kupiga sakafu. Mama hajamaliza hata wiki ardhini, na mguu wangu unacheza! Nikanyanyuka nikatoka. Kijana mmoja akanifuata mbio hadi nje. "Muziki mbaya, mama mkubwa?" akauliza. "Mzuri," nikamwambia. "Ndiyo taabu yake."

Hakuelewa, na sikumweleza, kwa sababu ningelazimika kumsimulia mwaka wangu wa kaniki, na mwaka ule hausimuliwi mtu akiwa amesimama barabarani. Nilitoka wapi na kwetu ni akina nani, hayo nayaacha, hayaongezi chumvi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana, nimeolewa na Remi, mkata miwa wa mashamba ya sukari, na kabla hatujala mavuno mawili pamoja alishikwa na homa tuliyodhani ni ya kawaida, akafa. Nikavishwa kaniki, ile nguo nyeusi ya wafiwa, nikakalishwa mwaka mzima nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Lipangalala. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wa katikati haukufika juu, kwa hiyo mimi nikiwa kitandani kwa Remi nilimsikia Mama akigeuka kitandani kwake, na yeye bila shaka alinisikia mimi. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni, basi. Picha ya Remi ilikuwa moja tu, ya kitambulisho cha kazini, kapigwa uso umekaza kama anayesubiri kuchomwa sindano, na hata hiyo Mama aliweza kuishika tu, kuiona hakuweza. Alikuwa akiipitisha kidole, kisha ananiuliza, "Hapa ndipo pua?" Nami najibu, "Hapo ni shingo, Mama."

Tulikuwa hatujamaliza msimu wa kwanza wa msiba wakati mwanamume mmoja alipobisha hodi mchana, kofia mkononi. Mama alikuwa anapepeta mpunga, maana kazi ile haikuhitaji macho, mikono yake ilijua. Nilimfahamu mgeni kwa sura: Masanja, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wa baba yake, akawaachia ndugu zake ng'ombe, akanunua televisheni na deki, akafungua banda la video nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.

"Shikamoo, mayu," akamwamkia Mama kwa kumwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Masanja, wa banda la video. Nimekuja kutoa pole, nilichelewa kujua. Mayu, mwanao yupo kwangu."

Ungo ukamtoka Mama mikononi. "Yupo wapi?"

"Bandani. Kila Jumapili anatokea. Watu wanajaa kumwona."

Ni lazima mtu awe amekulia kwetu ili ajue maneno yale yalifanya nini. Mtu anayekuja mchana kweupe kusema anaye nyumbani kwake marehemu uliyemzika, huyo anakwambia kwamba kaburini hamna kitu, kwamba mwanao kafanywa msukule na anatumikishwa. Jirani yetu aliyekuwa upande wa pili wa ua akapiga yowe, "Yesu na Maria!" na kufumba na kufumbua wanawake watatu walikuwa uani kwetu, wawili na michi mikononi. Masanja akarudi nyuma hadi akagonga banda la kuku. Mama peke yake ndiye aliyepata sauti, na swali lililomtoka sijalisahau. "Na nani anamfulia?" akauliza.

"Mkanda, mayu! Mkanda wa video!" Masanja alijikinga kwa kofia yake. "Ile bendi ya Dar iliyokuja kupiga ukumbi wa mashambani mwaka juzi, si walirekodi? Ninao. Mwanao anapanda jukwaani anamfuta jasho mpiga solo. Mimi nilikuwa sijui kama ndiye huyo mliyemzika."

Wanawake wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi, na nikajificha nyuma ya kaniki ili nisionekane. Mama hakucheka. Alipapasa ungo wake akauweka sawa magotini. "Anasogea?" akauliza. Masanja akasema anasogea. "Anacheka?" Anacheka, mayu. Mama akazichambua zile punje zilizobaki kwenye ungo moja moja, na baadaye akatoa hukumu ambayo shemeji yangu, mdogo wake Remi, alikuja kuipinga bila mafanikio. Yeye mwenyewe asingekwenda, kwa sababu hana macho, na mama mfiwa haendi kwenye ngoma. Ningekwenda mimi. "Nenda kama unayekwenda makaburini," akaniambia. "Ukae. Usiimbe, usicheze. Akitokea, mtazame vizuri, uje uniambie."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda dansini kwa idhini ya mama mkwe, nimevaa kaniki. Banda lilikuwa la matete na turubai, mabenchi ya mabanzi, televisheni juu ya meza ndefu kama altare, na spika ambazo Masanja alizitundika kwa waya kwenye nguzo. Jua la alasiri lilipenya kwenye matete likawachora watu mistari. Nilidhani nitakuta wahuni. Nikakuta fundi cherehani, mwalimu, wavuvi wa Kivukoni waliochana nywele, wakata miwa waliopanda lori kutoka mashambani, wanawake wauza vitumbua, wote wamevaa vizuri kuliko walivyovaa kanisani asubuhi ile. Waliujua ule mkanda kama Baba Yetu. Mpiga tarumbeta akikohoa kabla ya kupuliza, banda zima linakohoa. Mwimbaji akisema "Mpo?" wanamwitikia "Tupo!" wakati yeye mwenyewe yupo Dar huko, hana habari. Na sebene la wimbo wa nne likifika, wote wanageuka upande wa kushoto wa kioo, wakiita, "Bwana Leso! Bwana Leso!" kumbe wanamwita mume wangu.

Akatokea. Shati jeupe, mikono imekunjwa, leso mkononi, ile niliyomfumia mimi wakati wa uchumba. Akapanda jukwaani kwa kuruka, akamfuta mpiga solo paji la uso, taratibu, kama anavyofutwa mtoto mwenye homa, kisha akageuka akacheka, na cheko lile likatua kwangu. Kisha akashuka, akamezwa na watu. Ulikuwa muda wa kumeza mate mara moja au mbili. Nililia kwa sauti, na watu wa banda lile, ambao nilikuwa nimewadhania wahuni, wakanyamaza, na Masanja bila kuambiwa akaurudisha mkanda nyuma nimwone tena.

Jioni ile Mama alinisubiri na pepeta kwenye bakuli, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, na chai ya rangi. Alitaka kila kitu. Amekonda? Shati limepigwa pasi? Anacheka kwa meno au kwa macho? Nikamwambia. Akafurahi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona tangu nilipoingia nyumba ile, akataka nirudie pale anaporuka, nikarudia, akapiga goti lake kwa kiganja. "Alikuwa anaruka hivyo hivyo mtaroni tangu mdogo," akasema. Wiki nzima alitafuna alichoambiwa, na ilipofika Jumapili alikuwa na maswali mapya. Kamtazame miguuni, amevaa viatu gani. Kamtazame shingoni, rozari ipo? Hayo hayaonekani mtu akipita mbio, kwa hiyo nikawa namwomba Masanja aisimamishe picha. Akaisimamisha. Remi akakaa pale kwenye kioo, leso hewani, anatetemeka kidogo, na mimi nikamsogelea nikahesabu vifungo vya shati lake huku watu wote nyuma yangu wakisubiri sebene lao.

Walisubiri kwa adabu. Lakini baada ya muda nikaanza kuyasikia maneno yao. Fundi cherehani alimnong'oneza mwenzake, "Msiba tunauheshimu, ila wimbo huu ndio uliotuleta." Kwenye bomba la maji wanawake wakanyamaza nilipofika, na mmoja akasema alipodhani sisikii, "Mjane wa siku hizi anaomboleza kwa sebene." Na Masanja mwenyewe, Jumapili moja, akaniita pembeni ameinamisha kichwa. "Mayu, picha ikisimama, mkanda haupumziki," akasema. "Kile kichwa cha deki kinaendelea kuusugua pale pale." Akanionyesha. Mahali pengine pote mkanda ulikuwa safi. Pale kwa Remi ilikuwa imeanza mvua nyeupe, na mstari mmoja ulikuwa unampita usoni. Tulikuwa tunamfuta. Mama kwa maswali yake, mimi kwa macho yangu, tulikuwa tunamsugua hadi anafifia, na pamoja naye tulikuwa tunawasugulia watu wengine wimbo wao. Nilimwomba Masanja asisimamishe tena ila nikiomba kwa mkono, na nikajiahidi kuomba mara chache.

Lakini si mkanda ulionifanya nitoke ukumbini Jumamosi ile. Kilichonitoa ni jambo ambalo hakuna aliyelitia kinywani, hata wale wanawake wa bombani. Nilikuwa nimeanza kuupenda ule muziki. Mwanzoni nilizihesabu nyimbo tatu za kwanza kama vituo vya kupita kabla ya kufika kwa Remi. Halafu nikagundua najua maneno. Nikagundua kwamba wimbo wa pili una mahali ambapo gitaa la besi linabaki peke yake, na kwamba nikifika mahali pale mgongo wangu unanyooka wenyewe. Chini ya kaniki vidole vya miguu vilikuwa vinacheza, mimi juu nimekaa kama sanamu. Jumatano nikiwa napika nilikuwa naiwaza Jumapili, na nilipojichunguza nikaona siiwazi sura ya mtu, nauwaza wimbo. Wafiwa tuliambiwa kwamba msiba unapungua polepole kama maji ya mto Kilombero baada ya masika, mtu haoni siku wala saa. Wangu niliona unavyopungua, na niliona haya kila ulipopungua.

Siku yenyewe haikuwa na ajabu. Mvua ilikuwa imenyesha, banda lilinuka matete mabichi na jasho, watu walikuwa wengi kuliko benchi. Wimbo wa nne ulipoanza mwanamke mmoja muuza vitumbua aliyekuwa kando yangu akanishika mkono, akasimama, na mkono wangu ukasimama naye, na mimi nikafuata mkono. Nikaimba. Sikuimba kwa kunong'ona, niliimba kwa sauti yangu yote ambayo ilikuwa imefungiwa tangu mazishi, na sebene lilipoingia nilifumba macho nikacheza. Nilipoyafumbua, tarumbeta lilikuwa linamalizia. Bwana Leso alikuwa ameshaitwa, ameshapanda, ameshacheka, ameshashuka. Masanja alikuwa ananitazama kutoka kwenye deki, kidole juu ya kitufe. Aliinua nyusi tu: nirudishe? Banda zima lilikuwa linaruka. Akirudisha, litakaa. Nikatikisa kichwa. Nilijiambia nauonea huruma mkanda, na ilikuwa kweli kwamba ulihitaji kuonewa huruma, lakini sababu haikuwa hiyo. Nilitaka wimbo wa tano.

Mama alikuwa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, bakuli la pepeta kando. Njiani nilikuwa nimeshatunga la kumwambia, na lilikuwa rahisi sana, maana ningeweza kumpa Remi wa wiki iliyopita na asingejua. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Enhe. Leo alikuwaje?"

"Mama, leo sikumwona."

"Hakutokea?"

"Alitokea. Mimi nilikuwa naimba."

Tabasamu halikuondoka mara moja, lilikuwa kama limesahauliwa pale usoni. "Masanja hakukurudishia?"

"Alitaka. Nikamkataza."

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Ukacheza?"

"Nikacheza, Mama."

Nilingoja anifukuze. Ningefurahi angenifukuza, ningekuwa na la kumlaumu kwa maisha yangu yote yaliyofuata. Alipapasa upindo wa kaniki yangu, akaufuata kwa vidole kutoka pembe hii hadi pembe ile, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi wewe tanga lako limeanuka. Langu bado. Hatuwezi kukaa wawili mkeka mmoja, mmoja analia, mmoja anaimba."

Siku chache baadaye akawaita wanawake wa ukoo, na mwaka ukiwa haujatimia, nikaogeshwa na kunyolewa. Shemeji alikuja juu, akasema watu watatucheka. "Aliyekufa ni wa tumbo langu," Mama akamjibu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikisema yatosha kwa huyu binti, yatosha." Alinifunga khanga mpya kwa mikono yake mwenyewe, akipapasa apate pindo, na alipomaliza akanishika mabega. "Usiende tena kule kwa ajili yangu," akasema. "Ukienda, nenda kwa miguu yako." Mkwe mwema angesema hapana, Mama, mimi nitaendelea kuwa macho yako, nitakaa kwenye benchi lile nisiimbe hata mkanda utakapokatika. Nilikuwa na nafasi ya kusema, alikuwa amenishika, uso wake uko karibu kabisa na wangu. Nilinyamaza, kwa sababu niliogopa asije akakubali.

Watu waliponisifu msibani juzi kwamba nilikuwa mkwe wa kupigiwa mfano, kwamba nimeolewa mbali na kuzaa kwingine lakini sikuacha kumtembelea, niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu. Miaka yote ile aliwabeba wanangu kama wajukuu zake, akawapapasa nyuso kuwajua, na hata siku moja hakuniuliza tena habari za Remi kwenye mkanda. Sikumsimulia pia. Aliniachia mlango, nikapita, naye akabaki ndani. Nikihesabu yote, sikumwibia kitu, sikumdanganya, na alichonipa alinipa kwa hiari yake mbele ya mashahidi. Ndiyo maana sina pa kuutua huu mzigo, kwa kuwa hakuna padri wala mzee wa ukoo atakayenikubalia kwamba ni kosa.

Jumapili iliyofuata baada ya kuvuliwa kaniki, nilikwenda. Mama alisikia ninavyotafuta kandambili. Bandani walinipigia makofi nilipoingia na khanga ya rangi. Nikacheza kuanzia wimbo wa kwanza. Sebene lilipofika kulikuwa na mvua nyeupe tupu upande wa kushoto, na ndani yake kitu kama mkono uliokuwa unapanda. Watu wakaita Bwana Leso, na mimi nikaita pamoja nao, kwa nguvu kama wao, kisha nikageuka kumshika mikono yule muuza vitumbua tukaendelea. Sijawahi kufurahi vile kabla, na sijui kama nimewahi baadaye.

Nilirudi nimelowa jasho. Mama alikuwa amekihamisha kigoda chake hadi kwenye kona ya ua inayotazama mashine ya mpunga, kule sauti ya spika za Masanja ilikokuwa inatokea, na nilipomwona amekaa vile, kichwa amekiinamisha upande mmoja, nilielewa kwamba nyimbo zile alikuwa ameshazijua kwa mfuatano, na kwamba sebene la wimbo wa nne lilipoanza alijua ni nani anayepanda. Nilimwamkia. Akaitikia. Hakuniuliza kama nimemwona. Aliniuliza kama nina njaa. Nilikuwa nayo, njaa ya mtu aliyecheza. Akanifunulia wali na perege, nikala nikamaliza sahani nzima, na yeye akakaa mbele yangu, akisikiliza ninavyotafuna.